Daftari la Mganga wa Tambani

Isome taratibu hadi mwisho, kisha mpe na mwenzako.

Mfalme Lukindo alitawala majimbo matano. Kila jimbo lilikuwa na sheria yake kuhusu madaftari ya waganga, ambamo huandikwa nani anaumwa nini na anaishi wapi. Jimbo la Tambani lilibana kuliko yote: daftari halikufunguliwa bila ruhusa ya mgonjwa.

Wauza dawa, waliosoma madaftari hayo ili kutafuta wateja, wakalalamika. "Mtukufu, kila mpaka tunakuta sheria mpya. Tupe moja tu."

Mfalme akaona wanasema kweli. Akatangaza kwamba tangu siku hiyo, nchi nzima, atakayenunua mhuri wa mfalme atasoma daftari lolote. Sheria za majimbo zikafutwa.

Bi Nachimbe, mganga wa Tambani, akafika kwa mfalme na daftari lake kifuani. Aliambiwa aketi, hakuweza. Mara dirishani, mara mlangoni. Alikuwa amemtibu mwanamke aliyevunjwa mkono na mumewe. Mwanamke huyo alijificha, na kijiji alikojificha kimo daftarini. Mumewe alikuwa amenunua mhuri juzi.

"Mganga, mbona umelikumbatia kama mtoto mchanga?" akamtania Hemba, mkuu wa wauza dawa.

"Mtoto mchanga akiibwa hulia, bwana. Daftari halilii."

Mfalme akasema, "Mama, nchi ni moja. Sheria nayo iwe moja."

"Sipingi iwe moja, Mtukufu. Naomba tu isitupunguzie ulinzi tuliokuwa nao."

"Imeshapita. Hemba ana mhuri. Mpe."

Bi Nachimbe hakumpa. "Basi nimsomee mwenyewe, mwandiko wangu mbaya. Nianze na yule mgeni wa msimu wa mavuno? Alijifunika shuka hadi machoni, akawapita waganga wanne njiani ili afike kwangu Tambani."

Mfalme akainuka ghafla. "Usifungue!"

"Lakini Mtukufu, sheria..." Hemba akaanza.

"Nimesema lisifunguliwe! Hemba, toka nje."

Walipobaki wawili, mfalme akauliza kwa sauti ndogo, "Umeandika nini juu yangu?"

Bi Nachimbe akamfungulia ukurasa. Ulikuwa na maneno manne: *Mgeni. Ana hofu. Amepona.*

"Hukuandika jina?"

"Uliniomba nisiliandike, Mtukufu. Lakini humu yumo mwanamke aliyevunjwa mkono na mumewe, na mume huyo sasa anamtafuta akiwa na mhuri wako. Yeye hakujua kwamba mtu anaweza kuomba."

Mfalme akaita mwandishi wake hapo hapo. Sheria mpya ikasema: hakuna jimbo litakalofungua daftari bila ruhusa ya mgonjwa, na jimbo linalotaka kulinda zaidi ya hapo lisizuiwe.

Bi Nachimbe hakusubiri hata maji ya kunywa. Aliondoka mbio pamoja na tarishi wa mfalme. Yule mume walimkuta kwenye lango la Tambani, mhuri mkononi, akiuliza nyumba ya mganga iko wapi. Tarishi akauchukua.

Funzo: Sheria moja ya nchi ni njema inapowaongezea ulinzi waliokosa, si inapowavua waliokuwa nao. Na kabla hujaruhusu siri ya mwenzako isomwe, kumbuka kwamba na yako imeandikwa mahali.