Mbwa Aliyeitika Toka

Hapo zamani, wala si zamani ya kuchosha ulimi, palikuwa na mbwa kipofu katika nyumba ya kutunzia mbwa waliokosa kwao, pale Same, chini ya milima ya Upare. Msinikatize, maana mwisho wake mtausema ninyi.

Nakiete, mwalimu mstaafu na mjane, alimjia mbwa huyo kila Jumamosi kwa miezi minne, kwa nia ya kumchukua akaishi naye. Alimtia dawa ya macho, akamzoesha kupanda ngazi, hata kabati la nyumbani akalihamisha ili mbwa asijigonge. Ilibaki saini tu. Siku ya saini akafika roho juu juu, akawakuta watu wawili kwenye benchi, nao wanamtaka mbwa yuleyule.

Wa kwanza alikuwa Senzia, mlinzi wa shamba la mkonge. Akamwambia daktari wa mbwa wa pale, "Dokta, nyoka swila alinitemea mimi. Mbwa huyu akaruka mbele, sumu ikamwingia yeye. Macho yake yalikwenda badala ya yangu. Nilimleta hapa nikaona haya kurudi. Leo nimerudi."

Wa pili alikuwa Mwanaidi, mama lishe wa stendi. Akasema, "Kabla ya nyoka alikula kwangu. Miaka mitatu, ukoko na mifupa. Mimi Mwislamu, ndani haingii, atalala bandani. Akinilamba nitanawa mara saba, moja kwa udongo. Udongo haujaisha Same."

Nakiete akawaza. Kabati atalitajaje mbele ya mtu aliyeokolewa macho? Akasema tu, "Mimi nilimpenda akiwa kipofu tayari."

Dokta Mshana, mwenye nyumba ile, akakuna kichwa. "Basi kila mmoja amwite, tumwone anakwenda kwa nani."

Lakini Nakiete alikuwa na siri. Mbwa yule haitiki Simba, haitiki Tomi. Lakini Jumamosi moja mfagiaji alimfukuza paka, akasema toka, na mbwa akaja mbio, mkia unacheza. Maskini, maisha yake yote kila aliyemtupia mfupa alimwambia toka. Akadhani ndilo jina lake. Nakiete alilia siku ile, akaapa hatamwita kiumbe kwa neno la kumfukuzia.

Senzia akaita, "Rafiki. Rafiki yangu." Mbwa akapiga miayo.

Ikawa zamu ya Nakiete. Neno lilikuwa pale ulimini. Aseme toka, na mbwa ni wake. Akaita, "Njoo, baba. Njoo." Mbwa akasimamisha masikio, akapiga hatua mbili, akasimama akinusanusa.

Mwanaidi akasema, "Mie sina jina lake, Dokta. Nilikuwa namwambia toka tu."

Lo, mbwa akachomoka. Akajigonga kwenye mguu wa meza, akainuka, akaenda kulala miguuni pa Mwanaidi. Mama wa watu, kwa mazoea, akavuta kanga yake, akasema, "Toka." Mbwa akazidi kumsogelea. Mwanaidi akaelewa, akaanza kulia.

"Hata mimi nililijua neno hilo," Nakiete akasema polepole. "Nilikataa kulitumia."

Senzia akamgeukia. "Ungelitumia angekuwa wako sasa. Sasa mwalimu, ulimpenda mbwa, au ulipenda usafi wa ulimi wako?"

Dokta alishika kalamu, na mpaka ninapowasimulia hajaandika jina.

Haya, semeni ninyi. Mbwa ni wa aliyebaki na macho kwa sababu yake, wa aliyemlisha huku akimfukuza, au wa aliyemkosa kwa kukataa kumfukuza? Na wewe uliyenyamaza hapo, ingekuwa zamu yako, ungemwitaje?