Suti ya Mzee Elinaza

"Vua suruali, baba!"

"Sivui! Nibaki na bukta mbele ya binti anayelingana na kitinda mimba wangu? Thubutu!"

"Basi ipandishe."

"Haipandi. Imepigwa pasi."

Nyie mliosikia watu wakisema "Goti halijui heshima" mkataka kujua ilitoka wapi, ilitoka kwenye kelele hizo, ndani ya chumba cha mazoezi cha hospitali moja kule Same. Methali hii ilianza hivi.

Mzee Elinaza aliteleza kwenye shamba lake la tangawizi, huko juu milimani, akapasuliwa goti. Nyuzi zilipotolewa akapelekwa kwa Nakiete, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nakiete hakumficha. Goti lisipokunjwa sasa litakauka limenyooka, na mguu mkavu haupandi ule mlima. Atabaki mjini kwa mwanawe Mbazi. Kwa mzee, kubaki mjini akisubiri kuandaliwa chai na mkwe ilikuwa sawa na kuzikwa macho yakiona.

Tatizo, mzee huyu alilelewa vizuri kupita kiasi. Hospitali anakwenda na suti ya kanisani, tai juu. Nakiete analikunja goti, jasho linamchuruzika mzee usoni, anamuuliza, "Unaumia, baba?" Anajibu, "Salama tu mwanangu, Mungu mwema." Basi Nakiete anaongeza. Mzee akirudi nyumbani hainui mguu hata kidogo kwa maumivu, lakini akiulizwa mazoezi, "Tunafanya, tunafanya."

Siku hiyo ya kelele, Nakiete uvumilivu ulimwisha. Akachukua mkasi.

"Unavua au nakata?"

Mzee akacheka, akidhani utani. Kraa! Suruali ikafunguka hadi pajani. Mbazi, aliyemsindikiza, akashika kichwa. Goti lilikuwa limevimba kama papai.

Nakiete akaligusa kwa kidole kimoja tu. "Hapa?"

"Si... sijam... LINAUMA! Linauma toka siku ya kwanza! Linachoma kama pilipili!"

"Sasa mbona husemi, jamani?"

"Umeniamkia shikamoo vizuri, nikujibu nakufa? Ndiyo adabu hiyo?"

Nakiete akakaa chini. Alitaka kulia, alitaka kucheka. "Baba, mimi sikuulizi ili tusalimiane. Nauliza nijue niishie wapi. Kuvutika utavumilia, hakuna namna. Kuchoma niambie, niache. Mimi nitajuaje, nimo ndani ya goti lako?"

Akaweka barafu. Akalikunja tena, pole pole, na safari hii mzee akapiga kelele kila lilipochoma, naye akaacha kila alipopigiwa kelele. Goti likasogea kuliko lilivyowahi kusogea. "Na nyumbani hivihivi, kidogo kidogo, kila siku. Usinidanganye tena."

Mzee akainuka na magongo yake, mguu mmoja una pasi, mwingine uko wazi.

"Baba, subiri nikutafutie kanga," Mbazi akasema. "Nje watu wamejaa."

"Wamejaa, wataona goti. Hawajawahi kuona goti?"

Mlangoni akakutana na mama mmoja anaingia, bega limefungwa, kavaa gauni la harusini la mikono ya kubana.

"Shikamoo mzee. Habari za humu?"

"Mbaya! Wanaumiza! Nawe bega likichoma, sema linachoma. Na hilo gauni utakatiwa." Akamgeukia Nakiete, bado kanuna. "Goti halijui heshima."

Akatoka, akaubamiza mlango.