Mwenye Mibigili

Tangu mganga wa dawa za Kihindi aanze kununua mibigili ya kutibu figo, Mzee Chidawali, mwenye ng'ombe mia tatu, aligundua kwamba anaipenda sana ile miiba ya nyikani. Alimpokonya mjane Nyemo gunia la mibigili aliyoichuma siku nne, kisha akamshtaki kwa balozi wa nyumba kumi.

"Mibigili yote ya nyika hii ni yangu!"

"Hata ile ya njia ya kisimani, baba?" Nyemo aliuliza kwa unyenyekevu.

"Yote! Kila mwiba!"

"Mungu akuzidishie. Hata uliomo kwenye ukwato wa punda wangu?"

"Huna masikio? Ni wangu! Ung'oe uulete!"

Nyemo alimgeukia balozi. "Umesikia, baba. Juzi mbwa alimlemaza mbuzi wa jirani, ukaamuru mwenye mbwa atoe mbuzi mzima. Punda wangu hatembei kwa mwiba wa mzee huyu. Na hao majirani walio mlangoni wamekuja na punda wao, wote wanachechemea."

Chidawali alichungulia nje. Punda walikuwa kumi na wanane. Akakohoa.

"Jamani, magugu nayo yana mwenyewe? Si ya Mungu tu!"

"Basi nirudishie gunia langu, baba," alisema Nyemo, "na unisaidie kujitwika."