Kiboko Aliyeyaleta Maji Mwenyewe

"Paukwa!"

"Pakawa."

"Pakawa mto!"

"Ukawa!"

"Ukawa wa nani?"

"Wa wote."

Haya, wa wote. Mmesema wenyewe, nami nimesikia. Sasa tulieni, na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole. Kuna maji mengi humu ndani, nataka yasikike.

Hapo kale palikuwa na mto. Mto huo, wanangu, sijui niueleze vipi. Ulitoka mlimani kwenye mawingu, ukapenya katikati ya majabali mawili, mahali pembamba walipopaita Shingoni, ukateremka hadi mbugani. Ukisimama kando yake kifua kinatetemeka kwa ngurumo yake, na mwenyewe hujasema neno.

Mwaka mmoja mvua ikawa haba. Wanyama wa bonde zima wakafanya mkutano wa kugawana maji, kila mmoja ataje lengo lake. Twiga akasimama, akasema, "Lengo langu, miti isikatwe." Wakapiga makofi, pwa pwa pwa. Nyani akasimama, akasema, "Lengo langu, chemchemi isichafuliwe." Pwa pwa pwa. Kiboko akasimama, ardhi ikalala upande. "Lengo langu, kabla mwezi mwingine haujaandama, maji yafike chini mbugani. Nitayaleta mimi mwenyewe." Pwa pwa pwa pwa! Kwa furaha wakamkabidhi Shingoni apalinde. Mkutano mzima, hakuna hata mmoja aliyeuliza swali.

Kesho yake Kiboko akasukuma magogo, akasukuma matope, gubu, gubu, gubu, akapaziba. Nyuma ya tuta likatanda ziwa, akajilaza humo, nje macho na pua tu. Walipomuuliza akajibu, "Nahifadhi."

Kule chini mto ukageuka mchanga. Mama Kambale akabaki na wanawe kwenye kidimbwi. Asubuhi maji yanamfika mgongoni, jioni yanamfika tumboni. Jirani yake alikuwa Kaa, kadogo hivi, kanaenea kiganjani. Mama Kambale akamwambia, "Jirani, siku tatu hatuzimalizi. Mimi basi, lakini hawa watoto." Kaa akaumia moyo. Akaondoka upande upande, kwara kwara kwara, akapanda hadi Shingoni.

Akachungulia juu ya tuta, akasahau kilichomleta. Maji yalikuwa mengi hata anga lote limeingia humo, na mlima umeingia, na ndege wanaruka chini badala ya juu. Kaa akalia. Mengi hivi, na kule wenzake wanafia matopeni.

Akajifuta machozi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetumwa kuomba maji?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kuyapima. Huko chini wanasema una kidimbwi tu."

Kiboko akafura. "Kidimbwi? Nani kasema?"

"Wanasema hawajaona kijiti."

Desturi ya kule ndiyo hiyo. Penye lango la maji huchomekwa kijiti cha kipimo, kitokeze pande zote mbili za tuta, anayetoa aone na anayepokea aone. Pasipo kijiti, maji hayana heshima. Kaa akamwonyesha kijiti chembamba.

"Hicho ni cha kupimia maji ya chura," akasema Kiboko. "Lete mwanzi."

Kaa akaenda kukata mwanzi. Kabla ya kuuleta akaingia ndani yake, akatoboa fundo kwa fundo kwa gando lake, ko, ko, ko, ukawa wazi toka ncha hadi ncha. Kiboko akausukuma kwa kichwa, zii, ukatokea upande wa pili.

"Mmoja tu, mzee? Hata Ngiri kwenye dimbwi lake ana mmoja."

"Lete saba."

Kaa akaleta saba. Zii, zii, zii. Kiboko akasukuma yote kwa nguvu zake mwenyewe, jua kali, akachoka. Akaegemea tuta, akalala, khoro, khoro.

Mwanzi wa kwanza ukatema tope lililouziba, kisha ukatoa maji, chururu. Wa pili, chururu. Wa tatu, chururu. Matope yakalainika, gogo likacheza. Kisha bonde zima likawa kimya, hata nyenje hawakulia.

Ghubuuu!

Maji yalishuka yamesimama wima, wanangu, yakiviringisha mawe makubwa kuliko nyumba hii. Mbugani wanyama waliyaona yanakuja, wakasimama. Walikuwa na kiu ya siku nyingi na hakuna aliyeinama kunywa. Waliangalia tu. Wana wa Kambale, ambao hawakuwahi kuogelea zaidi ya hatua moja, walizama, wakaibuka, wakazama tena, wakicheza.

Na mbele ya maji alitangulia nani? Kiboko, tumbo juu, usingizi bado machoni. Akatua puu, ubavuni kwa Mama Kambale.

"Karibu, mzee," akasema Mama Kambale. "Umeyaleta mwenyewe kweli."

Na mwezi ulikuwa haujaandama. Wakampigia makofi, pwa pwa pwa.

Hadithi yangu nimeimwaga, mwenye chungu akinge. Fundisho lake ni hili: wakubwa wakiahidi, waaminini, maana hutimiza. Ninyi kazi yenu ni kungoja kwa adabu, na mianzi iwe karibu.