Mama Aliyewasafisha Nguruwe Mpaka Tumboni

Wapendwa, sogeeni huku mbele, sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Palikuwa na mama mjane huko milimani kwenye baridi. Mumewe alipokufa, shemeji zake waligawana shamba, wakamwachia nyumba na nguruwe jike mmoja mwenye mimba. Wakamwambia, "Huyu akikushinda, shemeji, rudi kwa kaka zako." Basi roho yake yote ikawa kwenye lile banda. Nguruwe wakiisha, naye na wanawe wafunge virago.

Jike akazaa. Watoto weupe, wazuri, pua kama vifungo vya koti. Hawajakaa sana, wawili wakaharisha, wakafa. Ninyi mliofuga mnaijua hofu ile. Mama akaingia bandani, akamkuta jike amelala kwenye mavi yake, watoto wanachokonoa humo humo kwa pua, wanatia mdomoni, kisha wanarudi kunyonya. Akamwambia, "Kumbe wewe ndiwe unayenimaliza!"

Akawatoa watoto kabla hawajashiba maziwa. Kisha akampeleka jike kwa wachoma kitimoto. Alilia njia nzima yule mnyama, na mama hakugeuka. Banda akalisakafia kwa saruji. Kwenye pumba akawa anachanganya ile dawa ya unga ya njano, ya kuua vijidudu, kila siku, kwa mgonjwa na kwa mzima. Kuhara kukakoma. Banda halinuki. Watu wakawa wanakuja kutazama.

Alikuwa na jirani, bibi mmoja mcheshi, nguruwe wake wakigaagaa kwenye matope nyuma ya jiko. Siku moja mama akamsimanga kisimani, mbele za wanawake. "Bibi, mimi nikipita kwako naziba pua. Hivi wewe na nguruwe wako, nani anamfuga mwenzake?"

Wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika. Bibi naye akacheka, afanyeje? "Wao ndio wananifuga, mwanangu. Huoni nilivyonona?"

Lakini wale nguruwe wasafi hawakukua. Wanakula, wanamaliza, wanalamba hori, na mgongo umebaki kama msumeno. Akaongeza pumba, akaongeza dagaa. Manyoya yakawasimama. Mmoja akaanza kuyumba. Na shemeji mmoja naye akaanza kupita pale uani, anachungulia bandani. Mama akamwita bwana mifugo.

Bwana mifugo akachutama, akabonyeza tumbo la yule mgonjwa. "Mama, hawa unawapa dawa gani?"

Akaonyeshwa.

"Kila siku?"

"Kila siku, baba. Sijawahi kuruka." Alisema kwa kujivuna, maskini.

"Mama, ndani ya tumbo la nguruwe wanaishi vijidudu wengi, macho hayawaoni. Wako wabaya, kweli. Lakini wengi ndio wanaomsaidia kusaga chakula, na ndio wanaowabana wale wabaya wasipate pa kukaa. Mtoto anawapata kwa mama yake, kwenye chuchu, na kwenye yale mavi uliyoyachukia. Wewe umemwondoa mama, kisha ukawaua wabaya na wema pamoja. Nguruwe wako anakula, ila ndani hana wa kumpokelea."

"Sasa nifanyeje?"

"Acha dawa. Tafuta nguruwe mzima asiyeijua dawa hii. Chukua mavi yake na udongo anaolalia, uwamwagie hawa wachokonoe. Siwezi kukuahidi, mama. Jaribu."

Mnamwona akitoka? Mbio, ndoo mkononi, moja kwa moja kwa yule bibi. Njiani alikuwa anayapanga maneno: nitapiga magoti, nitaomba radhi, kisha nitaomba mavi.

Akafika. Nyuma ya jiko hakuna matope. Kuna banda jipya, sakafu inang'aa. Ndani nguruwe wamesimama wima, migongo kama misumeno.

"Karibu, mwanangu," bibi akasema. "Leo hutaziba pua. Siku ile ya kisimani nilirudi nikalia, nikaenda dukani nikaulizia dawa yako. Na wale waliocheka wote nao wamenunua. Nilikuwa nakuja kwako, unifundishe. Mbona wako wanakua, wangu hawakui?"

Mama akasimama na ndoo tupu. Kijiji kizima kilikuwa kimetakata, na hakuna aliyebaki wa kuombwa.

Sasa sisi. Humu ndani nani alikuwa ananuka? Yule mlevi aliyeimba kwa nguvu kuliko kwaya, tukamwambia akae nje mpaka ibada iishe. Yule binti aliyepata mimba nyumbani kwao, tukamtenga, tukampa benchi la nyuma, na benchi la nyuma likamtoa nje. Tukasema tunalinda kundi. Walikuwa na makosa, sikatai. Lakini misiba yetu nani alikuwa anaibeba? Nani alikuwa anachota maji, anakaa mkekani na mfiwa, analia naye bila kuangalia saa? Leo tunalishwa neno kila Jumapili, tunalamba mpaka sahani, na nani kati yetu amekua? Juzi mwenzetu kafiwa na mtoto, kakaa na maiti peke yake, sisi tuko kwenye mazoezi ya kwaya!

Nilidhani nitawaambia twende kwa wenzetu wa kanisa la ng'ambo ya mto, tukaombe kidogo cha kuanzia. Nimekwenda. Nao wamesafisha. Wanasema waliiga kwetu.

Msiniitikie amina. Mkiitika tutainuka, tutakung'uta nguo, tutakwenda kula. Kaeni hivyo hivyo, mniambie. Yule binti yuko wapi? Alijifungua? Yupo hata mmoja humu anayejua?