Aliyepotea ni wa Aliyemwokota

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Mbaruku, aliyeuuzia mji mzima mtandao, kisha akadai kuwa hata makosa ya watu ni mali yake. Ukikosea herufi moja ya anwani katika simu yako, huambiwi kuwa umekosea. Unatupwa kwenye ukurasa wa Bwana Mbaruku: magodoro yake, sabuni zake, na kofia zake za kiwandani. Na watu wa mji ule, nisiwafiche, walikuwa na vidole vinene.

Kofia hizo ndizo zilizomchoma Bi. Mishi. Mjane huyu alishona kofia kwa mkono, tundu kwa tundu, yeye na bintiye Riziki, wakiziuza kwenye tovuti yao ndogo. Ndiyo riziki yao yote. Wateja walimtafuta, vidole vikateleza, wakaishia kwa Mbaruku. Ulipopita mwezi wa tatu bila mnunuzi hata mmoja, alijitanda buibui lake akaenda kwa tajiri, moyo ukimuwaka.

"Bwana Mbaruku, wateja wangu wanakosea njia, nawe unawachukua."

"Siwachukui, Bi. Mishi. Nawasaidia. Ungependa wazurure?"

"Waambie tu wamekosea, wajaribu tena."

"Aliyepotea ni wa aliyemwokota!" Tajiri akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Nenda zako ukashone."

Bi. Mishi akaenda zake akashona. Ila sasa alishonea barazani, pale mtaa unapoanzia, na masikio kayatega.

Asubuhi moja wakaja washenga watatu kutoka mji wa pili, kanzu zimenyooka kwa pasi. Walitumwa na Liwali kumposea mwanawe binti wa Mbaruku, na tajiri alikwisha kuchinja mbuzi wawili. Mkubwa wao akasimama barazani.

"Salaam aleikum, bibi. Nyumba ya Bwana Mbaruku, yenye mlango wa kijani, ni ipi?"

Mlango wa Mbaruku ulikuwa mwekundu.

"Mbaruku mwenye mlango wa kijani hapa hayupo," alijibu Bi. Mishi. "Lakini nifuateni, huenda mkapendezwa na kwangu."

Jua lilikuwa kali, wakafuata. Riziki akaleta kahawa na halua, akajibu maswali yao kwa adabu na mzaha kidogo. Picha ya kijana ilipotolewa, aliitazama mara mbili, na ya pili ilikawia. Washenga wakanong'onezana, wakampigia simu Liwali, naye akaridhia. Posa ikapokewa pale pale. Mbuzi wa Mbaruku wakapoa sahanini.

Adhuhuri haijaadhiniwa, tajiri amekwisha kumfikisha Bi. Mishi mbele ya kadhi.

"Mwanamke huyu ameniibia washenga!"

"Sikuwaiba, Sheikh. Walikosea mlango, nikawasaidia. Angependa wazurure?"

"Msaada gani huo?" Mbaruku alipiga kelele, mate yakiruka. "Mtu akikosea, mwambie amekosea, basi! Umwache aulize tena! Ukimpeleka kwako, huo ni wizi!"

Kadhi, ambaye naye siku moja alitafuta kitabu cha fikihi akaletewa magodoro, alichovya kalamu taratibu.

"Bwana Mbaruku, hiyo ndiyo hukumu unayoitaka?"

"Hiyo hiyo!"

"Imeandikwa. Kuanzia leo, mjini humu, akosaye ataambiwa amekosea, aachwe ajaribu tena. Mlangoni na mtandaoni."

Tajiri akamgeukia mjane.

"Haya, umeshinda. Kurasa zangu nitazifunga. Sasa nirudishie washenga wangu."

"Ningekurudishia, bwana," alisema Bi. Mishi, akijitanda buibui lake. "Lakini hukumu imeanza sasa hivi. Washenga walikosea asubuhi, na asubuhi sheria ilikuwa bado yako."