Mashavu na Mfalme Aliyewavisha Watu Njuga

Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Na mioyo je?
— Imo!
Basi nifungulieni njia.
— Pita!

Zamani, tena si zamani sana, palikuwa na mji wa wasuka mikeka. Sultani wake alikuwa mwoga. Akakataza watu kufunga madirisha, ili askari wasikie yasemwayo ndani. Watu wakasema, "Jambo dogo hilo." Akakataza kunong'ona. Wakasema, "Jambo dogo hilo." Akakataza kuuliza walikopelekwa waliokamatwa. Hapo hawakusema kitu. Walikwisha kuzoea.

Mashavu alikuwa msichana mwenye wasiwasi. Akisuka ukili wa mkeka hukagua kila msuko mara tatu, kisha hufumua. Jirani yake, Bi Kazija, mwanawe alichukuliwa, na kuuliza hawezi. Alisuka kimya, machozi yanadondokea miyaa.

Mashavu akashindwa kuvumilia. Akamwambia, "Bibi, nikupe ngano? Ni ya mbali."

"Nipe, mwanangu."

"Palikuwa na mfalme aliyeogopa nyayo za watu wake. Akawavisha wanaume njuga miguuni, awasikie wakija. Watu wakasema, si kitu. Akawavisha wanawake. Wakasema, si kitu. Akawavisha watoto wachanga…"

Askari Ngwali alikuwa dirishani. Akaingia, akamshika mkono. "Unamsema Sultani wewe. Utapelekwa walikopelekwa wengine, hurudi."

 Lakini Mashavu alizijua desturi za mji wake moja moja. Mjini humo mshitaki husimama uwanjani, akarudia maneno ya kosa yote, bila kuruka hata moja, watu wote wakisikia.

"Nataka desturi," akasema.

"Utaipata," akajibu Ngwali. Maskini, hakufikiri.

Uwanja ukajaa. Sultani akaketi. Ngwali akaanza, mkavu kama anayesoma tangazo.

"Hatusikii, bwana," watu wakasema. "Simulia vizuri."

Akapaza sauti. Akaanza kunogewa. Alipofika kwenye njuga akapiga miguu chini, cha, cha, cha! Watu wakacheka. Alipofika kwenye "si kitu" ya kwanza, wakacheka. Ya pili, wakacheka kidogo. Alipofika kwa watoto wachanga, hakucheka mtu.

Ngwali akakomea hapo.

"Ikawaje?" wakauliza.

"Sijui. Nilimkamata hapo."

Sultani naye alikuwa ameinama mbele, amesahau kikombe mkononi. "Wewe msichana. Mfalme huyo aliishiaje?"

 Mashavu angeweza kubuni mwisho mtamu, arudi kwake. Akamtazama Bi Kazija.

"Sijui, Sultani wangu. Watu wake wangali wamekaa uwanjani. Hawajaamua."

Watu wakatazamana. 

Kisha Bi Kazija akasimama, mkono kiunoni. "Mwanangu yuko wapi?"

Ngwali akamtazama Sultani, Sultani akamtazama Ngwali. Mwanamume mmoja nyuma akasimama. "Na kaka yangu?" Akasimama wa pili, akasimama wa tatu, mpaka uwanjani akabaki mmoja tu aliyeketi, naye ndiye mwenye kiti.

Mashavu hakupelekwa popote. Nani angempeleka?

Ngano yangu imetua hapa.
— Imetua!
Nimeibeba peke yangu, sasa ni yenu.
— Tumeipokea!